Uzi wa Sita, Freti ya Tatu

Gitaa la kwaya liliwasili Shinyanga Jumanne asubuhi likiwa ndani ya mfuko wa salfeti, limepakatwa na Marselino tangu Buseresere. Fundi Sostenes alikuwa anamalizia chai katika kibanda chake pale sokoni. Akasogeza kikombe pembeni, akatandika kitenge juu ya meza, akalilaza gitaa chali, halafu akanusa.

"Hii ni rangi gani?"

"Ya geti, fundi," Marselino akasema.

Sostenes akakirudia kikombe chake cha chai kwanza, maana alikuwa mtu wa hasira na hospitali walishamkanya.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Kwaya ilikuwa inajiandaa kuzindua albamu, na wanakwaya walishonewa sare nyeupe. Mlezi wa kwaya, mzee Ngassa, mwenye maduara, yaani mashimo ya dhahabu, kule nyuma ya Buseresere, akasema gitaa jekundu litaharibu video. Basi Marselino, ambaye ni mpiga gitaa hodari lakini si fundi hata kidogo, akafungua kila kitu, akapaka rangi nyeupe ya mafuta, akaanika mwili wa gitaa juani kama mhogo. Alipounganisha tena, hakuna kilichokaa mahali pake. Rangi ilikuwa nene, daraja likapanda juu, nyuzi zikasimama mbali na shingo hadi vidole vikauma. Ili kuzishusha akachomeka kitu chini ya kisigino cha shingo. Wapiga gitaa wa huku wote hufanya hivyo, na kwa kawaida huweka kipande cha vocha ya simu. Lakini siku hizi watu hununua salio hewani, vocha za kukwangua zimeadimika, kwa hiyo Marselino akachonga kibao kutoka kwenye gogo lililokuwa jikoni kwao likisubiri kuchomwa. Lilikuwa timba, mojawapo ya magogo yanayopangwa ndani ya duara ili kuta za shimo zisiporomoke. Hili lilitoka katika duara la Ngassa lililoporomoka wakati wa mvua.

Sostenes akachomeka waya kwenye amplifaya. Gitaa likavuma kama jenereta. Akafungua daraja na kukuta waya wa ethi umelala juu ya rangi badala ya kugusa chuma. Akakwangua rangi, akaufunga waya upya, mvumo ukakata. Akakaza nyuzi zilizokuwa zimezungushwa kinyume. Akakuta vidaraja vya nyuzi vimerudishwa bila mpangilio, kila uzi unadanganya ukibanwa kwenye freti, kile chuma chembamba kinachokatiza shingo, ya kumi na mbili, akavipanga. Akakandamiza uzi mnene mwanzo wa shingo na mwisho wake, akafumba jicho moja akatazama mwanya wa katikati, akazungusha kidogo fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo. Kila alichorekebisha alikitolea maneno, na Marselino aliyapokea yote akiwa ametazama chini.

Kikabaki kitu kimoja. Nyuzi zilikuwa zimeshuka mno, zinakwaruza. Akaziinua moja moja mpaka zikatoa sauti safi, isipokuwa uzi wa sita kwenye freti ya tatu. Hapo mtu alikohoa.

Sostenes akaupiga tena. Kikohozi kikarudi, kikavu, cha mtu aliyemeza vumbi. Akainua kidaraja cha uzi huo kidogo.

"Wabeja," sauti ikashukuru kwa Kisukuma. "Sasa napumua."

"Nani mwenzangu?" Sostenes akauliza, akapiga tena, kwa sababu alishagundua kwamba sauti inadumu kwa muda ule tu uzi unapolia.

"Kalisti, mtu wa Didia. Niko kwenye duara la Ngassa." Uzi ukaisha. Akaupiga. "Masudi yuko freti ya tano. Wengine wako huko mbele, wamechoka, waache kwanza."

Sostenes akahamia freti ya tano. "Asalaam aleikum," Masudi akasema. Sostenes akaitikia inavyopasa ingawa yeye ni Mkristo.

"Mimi nilidhani ni rangi," Marselino akasema.

Lililotokea Buseresere halikuwa siri kubwa. Duara liliporomoka asubuhi, watu wakiwa chini. Wakaguzi walipofika, Ngassa aliwaambia shimo lilikuwa tupu, vijana wote wameshaenda makwao kulima. Jioni tingatinga likasawazisha kifusi. Magogo yaliyobaki juu wanakijiji wakayabeba kuni. Wake waliokuja kuuliza, kila mmoja aliambiwa mumewe katoroka. Lusia, mke wa Kalisti, yeye alielezwa kwamba mumewe ameonekana Kahama na mwanamke mweupe anayeuza chipsi karibu na stendi. Ni uongo wa kuudhi kuliko mwingine wote, kwa kuwa mtu alikaa chini akaufikiria, akauongezea na chipsi.

Na uongo ule ulifanya kazi yake. Mjane angetandikiwa jamvi, majirani wangekuja na unga na kuni, wangelia naye, wangemwogopa Mungu mbele yake. Mke aliyekimbiwa haletewi kuni. Anachekwa kisimani. Mama mkwe wake alikuwa ameacha kumwita kwa jina la mtoto, na shemeji zake walimtazama kana kwamba yeye ndiye aliyemfukuza ndugu yao kwa mdomo mrefu.

Kalisti alikuwa anaikumbuka namba ya simu ya mkewe. Alimtajia Sostenes, tarakimu chache kwa kila pigo la uzi, na mchana Lusia akafika kutoka Didia.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba, mayu. Kaa hapo."

Akakaa kwenye kigoda cha wateja, mkoba mapajani. Sostenes akapiga uzi.

"Mama Rebeka," Kalisti akasema.

"Baba Rebeka. Nimeambiwa uko Kahama."

"Kahama nikafanye nini?"

"Kuna mwanamke wa chipsi."

"Mimi nina kifusi kifuani, mwanamke wa chipsi nimweke wapi?"

Lusia akalia palepale. Alilia zaidi kwa hasira kuliko kwa huzuni. Masika nzima alikuwa amemchukia mtu asiye na kosa, na mashati yake alishayagawa kwa wadogo zake. Akamweleza hivyo. Kalisti akasema haidhuru, huku chini hakuna anayemwangalia mwenzake amevaa nini.

"Sasa unataka nini, baba?"

"Nitolewe. Nizikwe nyumbani karibu na mzee. Tumelala vibaya, Mama Rebeka. Masudi yuko juu ya mguu wangu."

Kesho yake Sostenes akafunga kibanda, jambo ambalo halifanyi hata siku za sikukuu, akabeba gitaa na amplifaya ndogo, wakaenda na Lusia kwenye ofisi inayohusika. Walipokelewa na ofisa mmoja kijana, mwenye adabu. Aliwaamkia, akawapa viti, akachomoa birika lake la umeme ili wapate soketi. Akamsikiliza Kalisti bila kumkatiza, akimngoja kila uzi ulipokufa. Akamuuliza jina la baba, kijiji, siku aliyoshuka shimoni. Kalisti akajibu yote sawasawa.

"Mama," ofisa akamgeukia Lusia, "mimi nimemsikia kwa masikio yangu. Anaongea, anajibu, kumbukumbu anazo. Marehemu haongei. Kwa hiyo ofisi haiwezi kusema kuna mtu amefariki kule."

"Yuko chini ya kifusi, mwanangu."

"Alipo ni suala jingine. Mume akiwa mahali fulani mzima na nyumbani harudi, hilo ni suala la ndoa. Nendeni ustawi wa jamii, ni mlango wa tatu."

"Sijakataa kurudi," Kalisti akasema. "Nimefukiwa."

Uzi ukaishia hapo. Ofisa akangoja kidogo kwa heshima, kisha akarudisha birika lake kwenye soketi.

Sostenes alitukana kuanzia mlangoni hadi barabarani, matusi ya Kisukuma na ya Kiswahili, mpaka dereva wa bajaji akasita kuwapakia. Na alikuwa na haki. Angefukuzwa na mtu mkali, angalau angekuwa na wa kugombana naye. Yule kijana alikuwa amewasikiliza vizuri kuliko mtu yeyote, akaelewa kila neno, na alichoelewa akakigeuza kuwa sababu ya kutofanya kitu.

Ijumaa Marselino, aliyekwisharudi Buseresere, akapiga simu. Uzinduzi ni Jumapili, mgeni rasmi ni mzee Ngassa mwenyewe, na mzee amesema hataki gitaa likwaruze.

Dawa ya kukwaruza Sostenes aliijua. Ni kufungua shingo, kutupa kibao cha timba, kuweka plastiki. Ni kazi ya muda wa kunywa soda. Akachukua bisibisi, akaishika, akamtazama Lusia aliyekuwa bado hajarudi Didia. Akapiga uzi wa sita ili mwenyewe aulizwe.

"Iache mpaka Jumapili," Kalisti akasema. "Ngassa atakuwepo. Watu wote watakuwepo. Nitasema mbele yao."

Lilikuwa wazo la busara. Wote watatu waliamini kwamba shida ni moja tu, kwamba watu hawajasikia.

Uzinduzi ulifanyika uwanjani Buseresere, chini ya maturubai, viti vya plastiki vimepangwa hadi golini. Ngassa alikaa mbele amevishwa taji la maua ya plastiki. Ni mzee mnene, mpole, anayewaita watu wote wanangu. Kwaya ikasimama na sare zake nyeupe, Marselino na gitaa lake jeupe, na lazima isemwe kwamba kwenye video walipendeza. Wimbo wa pili ulipofika katikati, Marselino, kama walivyopatana na fundi, akaacha kordi, akaweka kidole kwenye uzi wa sita, freti ya tatu, akapiga.

"Mimi ni Kalisti wa Didia," sauti ikatoka kwenye spika zote. "Niko ndani ya duara la mzee Ngassa. Hatukwenda kulima. Siku ile tulikuwa chini, na yeye alijua, kwa sababu alitusalimia tukishuka."

Mwanamke mmoja aliyekaa nyuma akaomba waongeze sauti. Marselino akaongeza. Akahamia freti ya tano, na Masudi akataja majina ya wenzake, kila mmoja na kwao: huyu wa Bukombe, huyu wa Kasulu, huyu wa Didia pia. Ndugu waliokuwepo uwanjani wakaitikia majina yale. Mama mmoja mzee akasema "nipo hapa, mwanangu", akaketi tena. Kisha uwanja wote ukamtazama Ngassa.

Ngassa akasimama, akavua kofia. Alikuwa anatoa machozi, na machozi yale hayakuwa ya kuigiza, ndiyo maana yalifanya kazi vizuri namna ile. Akachukua kipaza sauti.

"Wanangu," akasema, "roho yangu imekuwa nzito tangu mvua zile. Nilikuwa najiuliza vijana wangu wamekwenda wapi. Kumbe hawajapotea. Wako hapa, ndani ya gitaa nililolinunua mimi mwenyewe, wanamtukuza Mungu. Nani kama Bwana?"

Vigelegele vikapasuka. Ngassa akaahidi spika mpya, kubwa kuliko zile, ili vijana wasikike hadi barabara ya Biharamulo. Vigelegele vikaongezeka.

Lusia akasimama akiwa amekunja ngumi ndani ya khanga. Akapita katikati ya viti mpaka mbele.

"Mzee Ngassa, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Nipe mume wangu nikamzike."

Ngassa akamwekea mkono begani. "Mwanangu," akasema kwenye kipaza sauti, "utamzikaje mtu anayeimba?"

Watu wakapiga makofi. Hawakuwa watu wabaya, wengi wao walikuwa na ndugu shimoni wakati huohuo. Walipenda tu lile jibu. Lilikuwa jibu linalomruhusu mtu kwenda kula pilau, na pilau lilikuwa limeshaiva.

Sostenes alikuwa amekuja na bisibisi mfukoni. Baada ya chakula alimfuata mwalimu wa kwaya, Mwalimu Klara, akamwomba afungue gitaa, atoe kile kibao, ampe Lusia akakizike badala ya mwili. Alimwomba kwa upole, kwa namna ambayo mke wake mwenyewe hajawahi kuombwa. Mwalimu Klara akamsikiliza. Alikuwa mama wa huruma, ila kwa miaka mingi kwaya yake ilikuwa haina besi, kwa kuwa wanaume wote wenye vifua huishia machimboni. Akasema gitaa ni mali ya kwaya, na kamati haiwezi kukaa siku ya furaha. Juma lililofuata aliwapima sauti. Kalisti na wengi wa wenzake wakapangwa besi. Masudi akauliza kama kuna ubaya Mwislamu akiimba katika kwaya ya kanisa. Mwalimu Klara akajibu kwamba hakuna ubaya.

Ustawi wa jamii Lusia alikwenda. Walimshauri awe anamtembelea mumewe mara kwa mara.

Ngassa naye alianza kuwatembelea walio gitaani. Alikuja siku za katikati ya juma, kanisa likiwa tupu, na Marselino akalazimika kumfungulia, maana huwezi kumfungia mlango mlezi wa kwaya. Aliwasalimia wote, akawauliza habari za huko. Siku ya tatu au ya nne akauliza alichokuja kuuliza tangu mwanzo: ule mkanda wa mawe yenye dhahabu waliokuwa wanaufuata ulielekea wapi.

Marselino akapiga uzi. Ukasikika mnong'ono wa watu wakishauriana. Akapiga tena.

"Uko chini yetu," Kalisti akasema. "Tulikuwa tumesimama juu yake, ukuta ukatuporomokea."

Ilikuwa kweli. Na aliisema makusudi. Kuufikia mkanda ule bila kupitia kwao hakuwezekani. Mtu aliyekataa kufukua kwa ajili ya watu angefukua kwa ajili ya mawe, na akiwafikia angelazimika kuwatoa. Kalisti akamwambia mkewe mpango huo Jumapili, pigo baada ya pigo, Marselino akiwa amegeuza uso pembeni ili asionekane anasikiliza.

Lusia akarudi Didia na safari hii hakupitia njia ya uchochoroni. Akafagia uwanja. Akamwambia shemeji yake wachimbe kaburi karibu na la mzee, na shemeji, aliposikia kwamba ekskaveta imeshafika machimboni, akachukua jembe bila kubisha. Akaazima majamvi kwa majirani. Mama mkwe akamwita Mama Rebeka kwa mara ya kwanza tangu mvua, akamuuliza kama sufuria kubwa lipo. Wanawake watatu wakaleta kuni.

Jumapili iliyofuata akapanda gari alfajiri kwenda Buseresere. Alifika kanisani kabla ya ibada, akamkuta Marselino anafunga nyuzi mpya. Wake wote wa wale wa gitaani walikuwa na ruhusa ya kupigiwa uzi kabla ya ibada kuanza. Marselino akampigia.

"Wamefika?" Lusia akauliza.

"Wamefika. Alhamisi."

"Wamekutoa?"

Uzi ukaisha. Marselino akaupiga tena, polepole, kama mtu asiyetaka kusikia.

"Wametusogeza," Kalisti akasema.

"Wamewasogeza wapi?"

"Pembeni, kushoto. Tulikuwa tumeyalalia mawe yake. Wakatusogeza, wakatoa mawe, wakajaza viroba, wakarudisha kifusi. Yeye mwenyewe alikuwepo, anasimamia. Alitupa pole."

Mwalimu Klara akainua mkono, kwaya ikasimama. Katika safu ya mbele Ngassa alikuwa ameshafungua kitabu cha nyimbo. Lusia hakukaa kusikiliza. Alitoka, akapata gari la kurudi, akafika Didia jua likiwa bado juu. Akamwambia shemeji yake afukie kaburi, kabla ng'ombe hajatumbukia. Kisha akayakunja majamvi, akayarudisha kwa wenyewe mmoja mmoja.

Jirani wa mwisho alipokea jamvi lake, akalikung'uta vumbi ambalo halikuwepo, akamuuliza habari za mumewe huko Buseresere.

"Anaimba," Lusia akasema.